Maua ya Karatasi ya Denzil Stidham

Orlena Stidham alikuwa jirani yangu huku West Virginia. Mumewe Denzil alipomkimbia hakwenda mbali. Alivuka mto tu, akapanga nyumba upande wa Kentucky, jimbo jingine lenye mahakama zake, tukawa tunamwona barazani akikaanga kambare.

Hakimu wetu aliamuru awatunze wanawe watatu. Amri ikapelekwa ng'ambo, ikarudi na jibu kwamba mtu huyo hajulikani alipo. Hakimu wa kule alikuwa binamu yake Denzil. Jioni Denzil hupaza sauti juu ya maji: "Orlena we! Wanangu wamekula, au niwatupie kichwa cha samaki?" Na watu wa huku wakacheka. Niliwasikia, na majina yao ninayo.

Nguvu za sherifu wetu, mkuu wa polisi tunayemchagua kwa kura, zilikomea katikati ya daraja, mpakani. Lakini mama yake Denzil kazikwa kwetu kilimani, na sisi watu wa milimani, uhamie uhamako, Jumapili ya kupamba makaburi, kila Mei, lazima urudi. Siku hiyo ugomvi huachwa chini ya kilima. Hilo hatukuandikiwa, tumezaliwa nalo.

Orlena akapanda na sherifu nyuma yake. Denzil alifungwa pingu kapiga magoti kaburini kwa mamake, maua ya karatasi mkononi.

Mchungaji akafoka, "Dada Orlena! Mbele ya wafu?"

"Wafu hawana njaa, Mchungaji. Wangu wanayo."

Basi kofia ya mchango ikazungushwa. Msidhani ni ya watoto. Ni ya kumtolea Denzil dhamana. Iliponifikia niliipitisha mikono mitupu. Kabla ya jua kuzama alikuwa ng'ambo, anapiga mluzi.

Toka siku ile duka halikumkopesha Orlena hata unga wa mahindi. Majira ya baridi makaa yakamwishia, na kitinda mimba wake, Delphie, kifua kikambana hadi kikamchukua.

Mei ikaja tena. Orlena akamfuata sherifu. "Uchaguzi u karibu, bibie," akajibiwa. "Kilimani sipandi tena."

Denzil akaja kwa madaha, shati limenyooka, watu wakimpisha na kumpa pole. Akasimama mbele ya kile kikaburi kipya. Orlena alikuwa akipalilia peke yake, maana hakuna aliyemsaidia.

"Nimemletea mwanangu maua," akasema.

Orlena hakuinua uso. "Weka hapo. Ndicho kitu cha kwanza ulichomletea."

Akaweka. Kisha akaenda kula na wenzake.