Sentensi ya Meno Meupe

Tuliisikia mashine kabla hatujaiona. Tulikuwa bado kwenye ngazi za mbao, nyuma ya duka la vitambaa mjini Arusha, na kutoka juu ulishuka mlio mwembamba, kama wa nyigu aliyefungiwa ndani ya chupa. Dada yangu alisimama. Nikamwambia tunaweza kurudi nyumbani. Akanitazama kwa namna ya kunikumbusha ni nani aliyetufikisha pale, kisha akapanda.

Ni mimi niliyetufikisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kalamu isiyojua kunyamaza. Nilikuwa nikimwandikia rafiki yangu wa shule, karani kule Tanga, habari za dada, na kwa kuwa kila shairi nililopata kulisoma lilimsifu mwanamke kwa weupe wa meno, nami nikaandika kwamba meno ya dada ni meupe kama theluji ya kilele cha Kibo asubuhi. Ilikuwa sentensi nzuri. Ilikuwa pia uongo. Sisi tuliozaliwa miteremko ya Meru na kulelewa kwa maji ya mito yake, meno yetu ni ya kahawia, mengine yana madoa kama yai la kanga. Mtu akicheka sokoni Tengeru unajua kuwa ni wa kwetu. Nilikuwa nimeyazoea hata siyaoni tena.

Karani aliipenda sentensi. Alianza kumwandikia dada mwenyewe, na dada akazisoma barua zake mpaka karatasi zikalegea kwenye mikunjo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, wenzake wote wameshaolewa, na alimtaka mtu huyu kwa moyo wake wote. Kisha ikaja barua iliyosema kwamba karani atafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi kujitambulisha kwa baba, na kwamba ana hamu ya kuiona theluji ile ya Kibo ikicheka. Siku hiyo dada hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama namjua daktari wa meno.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Arusha. Kazi yake hasa ilikuwa kung'oa na kuziba, na mashine ile tuliyoisikia ilikuwa ya kutobolea meno. Kuondoa rangi alikuwa amejifunza Bombay, na alituambia mapema kwamba haipendi kazi hiyo. Alimketisha dada chini ya picha ya Malkia, iliyokuwa bado mpya ukutani, akampaka mafuta kwenye ufizi, akachovya kijiti chenye pamba ndani ya asidi na unga wa jiwe, akaanza kusugua. Alisugua kama mtu anayefuta kutu. Alipopumzika, dada alimtazama kinywani.

"Daktari, mbona yako hujayasugua?"

"Nani atanisugua? Na mke wangu kazaliwa hapa hapa. Tukicheka tunafanana."

Dada hakucheka.

Tulirudi wiki ya pili, na ya tatu. Sijui lipi lilinichosha zaidi, ngazi zile au nyumbani. Dada aliacha chai, akaacha kahawa, akaacha maharage, akawa anaishi kwa maziwa kama ndama. Daktari alikuwa amemweleza waziwazi kwamba maji hayawezi tena kumdhuru, kwamba rangi huingia utotoni jino likiwa bado ndani ya ufizi. Hakuamini. Kila asubuhi ilinibidi nipande mpaka kanisani na debe, nikateke maji ya mvua kwenye tangi, eti ya kusukutulia, wakati mfereji unapita nyuma ya jiko letu. Mama aliuliza kama maji yaliyomlea yamegeuka sumu. Dada akajibu kwamba hayakumlea vizuri, na mama hakusema naye siku mbili. Wote wawili wakawa wananituma mimi kupeleka maneno, mmoja amekaa hapa, mwingine pale, hatua nne kati yao.

Wiki ya tatu daktari aliweka kijiti chini. Meno manne ya juu yalikuwa meupe, weupe wa chokaa. Yaliyobaki yalikuwa kama yetu. Akasema hatagusa jingine, kwani akiendelea kusugua dada hataweza hata kunywa maji baridi. Tayari hakuweza. Upepo tu wa njiani ulimfanya afunike mdomo kwa kanga mpaka nyumbani Tengeru.

Jumamosi karani alifika, koti limepigwa pasi, kofia mkononi. Alimwamkia baba shikamoo, akaweka kofia mezani, akasifu migomba yetu, akasifu mlima. Dada alileta chai. Macho ya karani yalikwenda kinywani mwake, yakarudi, yakaenda tena. Akamuuliza kwa nini hanywi.

"Yananiuma," dada alisema. "Haya manne yamesuguliwa kwa asidi. Mengine ndiyo meno yangu. Ndugu yangu alikuandikia uongo, nami nikaona aibu."

Nilitamani ardhi inimeze. Karani alizungusha kikombe. Akauliza kama na watoto watakuwa hivyo. Dada akamwambia, wakilelewa kwa maji ya Tanga, hapana. Uso wa karani ukalegea, nami nikadhani yamekwisha.

"Basi si neno," alisema. "Tanga yuko daktari Mzungu. Atayamalizia hayo mengine kabla ya picha ya harusi, mama yangu asije akauliza maswali."

"Nimekwambia yanauma."

"Ni siku chache tu, bibie. Utavumilia."

Dada alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ulimpenda aliyeandikwa na huyu," alimwambia. "Basi mchukue huyu. Anaandika vizuri."

Akaichukua kofia yake mezani, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu. Karani akamgeukia baba. Baba alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Karani akasimama, akaaga, akatoka, na dada akaufunga mlango nyuma yake, akatia na komeo.