Dunia Iliyofumuliwa Marinda

Wakati ule duka letu lilikuwa Murongo, karibu na kivuko cha mto, mahali ambapo ukungu hauinuki mpaka jua limekwisha kupanda sana. Mume wangu aliuza kaniki, chumvi na shanga, akanunua kahawa na ngozi. Mimi nilishona. Sote tulikuwa watu wa Pangani. Nilitoka kwetu hina ya harusi ingali mbichi, tukaja kwa miguu kwa njia ya Tabora, na tulipofika Karagwe nilikuwa nimekwisha kuzikata kucha zote zilizokuwa na hina.

Siku moja mfanyabiashara mwenzake kutoka Bukoba alimletea zawadi, ramani ya dunia nzima, iliyochapwa kwa rangi, kubwa kama kanga. Mume wangu aliitundika dukani, juu ya magunia ya chumvi. Wateja wakawa wanaingia, wanasalimu, wanatazama, wanasahau walichokuja kununua.

Nami niliitazama kuliko wote. Asubuhi, kabla ya watu kuja, ukungu ukiingia mlangoni, bahari ile ya samawati ilionekana kama inapumua. Juu kabisa palikuwa na nchi nyeupe ya barafu, pana karibu sawa na Afrika yetu yote. Ulaya nayo ilikuwa imejitandaza. Sisi tulikuwa katikati, tumebanwa. Mume wangu alinionyesha ziwa, akanionyesha Pangani, nikaweka kidole. Kutoka ziwani mpaka kwa mama yangu ilikuwa urefu wa ukucha.

Ukucha tu! Nilirudi uani nikakaa na kitambaa mapajani bila kushona.

Tangu hapo niliharibikiwa na akili kidogo. Nilikuwa na kumbukumbu ya safari ile, nyika zisizokwisha, malengelenge, maji ya matope tuliyoyachuja kwa ukaya wangu wa kichwani. Sasa kumbukumbu hiyo ikaanza kunikimbia. Nikilala mchana naota tunatembea kwenye duara, tunapita mti uleule, na nyuma ya mti mama yangu anatwanga, lakini hakuna anayeniambia nigeuke. Naamka nikiwa na hasira na mume wangu.

"Kwa nini hunipeleki kwetu?" nikamwambia siku moja. "Tazama mwenyewe. Ni hapa na hapa."

"Mke wangu, umesahau tulivyotembea?"

"Labda ulinizungusha."

Alitoka nje akasimama akiutazama mto, nami nikajua nimemuumiza, kwani katika safari ile ndiye aliyenibeba mgongoni nilipopatwa na homa.

Nilikuwa na rafiki, mama mmoja Mnyambo, wa kabila la huku Karagwe, aliyeolewa kutoka Isingiro. Ndiye aliyenifundisha kupika ndizi za huku na kusema Runyambo bila watoto kunicheka. Alikuja na buni zake za kutafuna, zile zinazochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake, akanipa chache mkononi kama mgeni, ingawa mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Nikampeleka mbele ya ramani nikamweleza yote. Alitafuna akitazama.

"Dada," aliniuliza, "huyu aliyechora alikuwa ameketi wapi?"

Nikaitazama tena ile nchi nyeupe ya juu.

Msimu ule ule walikuja Wazungu waliotumwa kupima mto na vilima, ili serikali mbili, ya Wadachi wa Ujerumani na ya Waingereza, zijue zinapakana wapi. Walikuwa na vyombo vya miguu mitatu, na wapagazi waliobeba minyororo mirefu. Mmoja wao, Mdachi mwenye ndevu za mvi, alijua Kiswahili kwa sababu alikaa miaka mingi Pwani. Alipenda kuja dukani kunywa kahawa ya tangawizi. Alipoiona ramani alitabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa asiyeaminika.

Mume wangu akamwambia, "Bwana mkubwa, karatasi hii imeleta ugomvi nyumbani mwangu." Akamweleza, bila kunificha. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikaona haya.

"Mama mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza mzee yule. "Anashona? Basi aje na sindano yake."

Nilitoka. Akaomba kibuyu cha mviringo, tukampa. Akaomba kipande cha kitambaa cha marekani nyeupe. Akanieleza anachotaka. Nikavika kitambaa kukizunguka kibuyu, kikalala vizuri tumboni pake. Juu na chini, pale kibuyu kinapopungua, kitambaa kilizidi, nikakikusanya marinda madogo madogo na kukibana kwa uzi. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo peke yake. Nilikuwa nimewashonea watoto wa watu magauni mengi ya namna hiyo.

Akachukua kipande cha mkaa. Akachora duara moja tumboni mwa kibuyu, na jingine la ukubwa uleule juu, kwenye marinda.

"Duara la chini ni nchi yenu hii," alisema. "La juu ni nchi za baridi. Sasa fumua."

Nikavuta uzi. Marinda yakafunguka. Nikakitandaza kitambaa juu ya meza ya duka, na watu wote waliokuwamo wakasogea. Duara la chini lilikuwa vilevile. Lile la juu lilikuwa limekatika vipande, kila kipande kimekwenda mbali na mwenzake, na katikati yao kitambaa kitupu. Yule mzee akachukua mkaa akajaza nafasi zile. Halafu, kwa kuwa sasa nchi imekuwa kama mkeka uliolala, akairefusha kwenda juu pia ili irudiwe na umbo lake. Ikawa kubwa ajabu.

"Dunia ni kibuyu," alisema. "Karatasi ni kitambaa. Hakuna fundi anayeweza kukilaza bila kuvuta mahali. Kwetu kumevutwa. Kwenu kumebaki kama kulivyo, ndiyo maana kunaonekana kudogo."

"Kumbe Ulaya imevimba!" alisema mume wangu, akacheka mpaka akashika tumbo. Mzee naye akacheka, kisha akagusa sehemu ya juu ya ramani kwa kidole. "Kijiji changu kiko hapa," alisema. "Ni kidogo sana, mama. Kanisa na vinu viwili."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Safari yangu ilikuwa imenirudia yote kwa mara moja, nyika na matope na mgongo wa mume wangu uliokuwa na jasho. Nilitembea kweli. Nilimtazama mume wangu mbele ya wateja wale wote, nikamwambia, "Nisamehe." Akaniambia nikamletee mgeni kahawa nyingine.

Kabla ya kuondoka mzee yule alituambia jambo ambalo ramani haikulionyesha. Gari la moshi la Waingereza lilikuwa limefika ziwani kutoka Mombasa, na meli zilikuwa zinatia nanga Bukoba. Baada ya mavuno ya kahawa tulifunga mizigo. Tulipita Kanoni kwenye migomba iliyokuwa ikidondosha umande kama mvua, tukafika Bukoba, tukavuka ziwa lisilo na ng'ambo. Ndani ya gari la moshi nililia, kwa sababu nyika ilikuwa inapita dirishani haraka mno, nami nikawa kama mtu anayesimuliwa maisha yake na mwingine.

Kutoka Mombasa tuliteremka kusini kwa miguu. Mama alikuwa hai. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Jioni nilimweleza habari ya dunia kuwa mviringo. Nilidhani atanicheka. Aliendelea kuchambua mchele.

"Basi ndiyo maana," alisema. "Siku ile ulipoondoka nilipanda kile kichuguu cha njia ya bara nikakutazama. Ulianza kuzama miguu, kisha kiuno, kisha mtungi uliokuwa kichwani. Nikajiambia ni machozi tu."

Nilikaa naye mpaka mvua zikaanza kunyesha, halafu mume wangu akaja kutoka kwao kunichukua, turudi dukani.