Kitambaa cha Altare

Jina la Mama Bendera alipewa Eufrasia na jirani yake Balbina, tena kwa kicheko. Mwaka 1994 mwanawe wa pekee, Sylvanus, alipata kazi ya kuhesabu wanyama kutoka angani. Kila kiangazi ndege ndogo ilipita chini chini juu ya bonde la Kilombero, naye dirishani akihesabu sheshe, wale swala wa bondeni, na ng'ombe. Eufrasia alikuwa mfuaji wa vitambaa vya altare pale kanisani, kigango cha Lupiro. Akisikia mngurumo, alianua kile kirefu kuliko vyote, akakimbilia shambani na kukipunga. Rubani akazoea kumzunguka, Sylvanus akimpungia mkono.

"Mama Bendera, leo umempokea rais gani?" Balbina alimtania. Jina likafika mpaka sokoni, naye akalipenda.

Kiangazi cha pili ndege ilikuja chini kuliko kawaida, tena polepole. Akapunga. Ikalala ubavu, ikakaza mzunguko, pua ikiinuka. Ghafla bawa moja likazama chini, ndege ikalifuata hadi kwenye mabua ya mpunga. Hakupona mtu.

Baada ya matanga alikuja mchunguzi kutoka Dar es Salaam. Alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akaeleza kwa upole. Bawa hubebwa na upepo unaolipitia. Ndege ikipunguza mwendo na kukata kona kali, bawa huacha kubeba. Ingekuwa juu, rubani angeshusha pua, akapata mwendo, akajinasua. Pale chini hapakuwa na nafasi.

"Kosa ni la rubani, mama. Si lako."

"Alikuwa anakata kona atazame nini?"

Mchunguzi aliinamia kofia yake, akaomba ruhusa ya kuondoka.

Balbina hakulitamka tena lile jina, lakini lilikwisha kumtoka mikononi. Wageni waliohamia na ng'ombe wao humwita hivyo kwa heshima, wakidhani ni la ukoo, naye huitika.

Katekista Teofili alitaka kumpumzisha ile kazi; alikataa. Anafua bado, ila haaniki nje. Kamba imefungwa chumbani penye jiko, hata jua likiwaka, na vitambaa hufika altareni vikinuka moshi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Leo tena alikikamua kile kirefu, akakining'iniza, akakinyoosha pindo kwa viganja, akafunga dirisha.