Kuni za Matanga Yangu

Leo asubuhi nimeliliwa nikiwa hai. 😭

Mnajua mimi huwasha taa nyuma ya nyumba, natundika shuka nyeupe, halafu kukicha napiga picha nondo waliotua.

Sasa jirani yangu, Mama Nafula, ameona taa imekesha. Akajua ni matanga, maana kwetu taa ikikesha nje kuna msiba. Huyo anakuja, kuni za mchango kichwani, analia akiniita jina!

Nikachomoza nyuma ya shuka, simu mkononi.

Kuni chini. Nondo wote wakaruka.

“Kumbe uko?”

“Niko, mama. Napiganga tu hawa wadudu picha.”

Akajipangusa macho kwa leso.

Nikaokota kuni nimrudishie. Akakataa.

“Unaishi peke yako. Nilikimbia usikose mtu wa kukulilia.”

Jamani, nimeziwasha kuni hizo, tumepika chai.