Mbegu za Mama na Utabiri Uliogeuka

Kiburi cha mtu aliyesoma hakipigi kelele. Hukaa kitini, hufungua gazeti, husoma "huenda" na kutamka "hakika". Hilo ndilo kosa lililonitoa mtaani kwangu Gatina, Kawangware, Ijumaa moja asubuhi na kunipeleka Kibera roho ikiwa mkononi. Sitalificha, kwa kuwa lilikuwa langu.

Majuma kadhaa kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesoma kwamba mvua za vuli upande wa mashariki huenda zikawa haba. Nikampigia simu mama yangu, mjane anayelima peke yake Kitui. "Mama, usipande. Huu ni mwaka wa ukame. Njoo Nairobi, na mbegu uzilete tuzile kabla wadudu hawajazimaliza." Akatii, kwa maana mimi ni kifungua mimba wake na ni mwalimu. Alikuja na debe la mahindi aliyoyachagua gunzi kwa gunzi, mbegu aliyoachiwa na mama yake, isiyouzwa katika duka lolote. Akafikia kwa ndugu yangu Mutiso, fundi seremala wa Soweto East kule Kibera, kwa sababu mimi naishi ghorofa ya nne na magoti yake hayapandi ngazi.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye kituo cha Kawangware 56, katika duka la vifaa vya ujenzi, redio ilipotangaza makisio mapya. Hali ilikuwa imegeuka: mashariki sasa ilitarajiwa kupata mvua nyingi kuliko kawaida, na huenda zikaanza mapema. Mwenye duka alicheka.

"Mwalimu, si ni wewe ulisimama kanisani ukatuambia tufunge mikanda?"

Usiku uliotangulia Mutiso alikuwa ameniambia kwamba mahindi ya Mama yamebaki ya kupika mara moja tu, na yangepikwa Ijumaa hiyo. Nikampigia, simu ilikuwa imezimwa, maana stima ilikuwa imepotea kwao tangu jana yake na betri ikaisha. Na kwetu Ukambani mbegu hufukiwa vumbini kabla ya tone la kwanza. Anayengoja udongo ulowe amekwisha kuchelewa. Mama alihitaji mbegu yake siku ile ile, na mimi ndiye niliyeagiza iliwe.

Nilichukua boda boda. Tulipofika Barabara ya Ngong matone mazito yakaanza, na dereva akajisitiri kando ya kibanda.

"Endelea," nikamwambia.

"Mzee, hii lami ikilowa ni sabuni. Na si walisema mwaka huu hakuna mvua?"

"Walisema huenda."

"Huenda ni nini sasa? Ndiyo ama hapana?"

Swali hilo mimi nilikuwa nimelijibu kwa niaba ya mbingu, na hakuna aliyenituma. Tulikaa pale mpaka mvua ilipopungua, nami nikihesabu kila dakika kama moto uliokuwa ukiwaka chini ya sufuria ya kwa Mutiso.

Ilipokaribia saa nne nilishuka karibu na majengo mapya ya ghorofa ya Soweto East, nikashika kichochoro cha kwa Mutiso, matope yakininyonya viatu. Kabla sijabisha hodi nilisikia harufu ya mahindi yanayochemka.

"Kaka!" Mutiso akasema. "Umenusa kutoka Kawangware? Ngoja basi yaive."

Nilifunua sufuria bila kumsalimu mtu. Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, yakitokota pamoja na maharagwe. Nikageuka kwa Mama aliyeketi kitandani, nikamweleza kwamba utabiri umegeuka. Hakulia. Alitazama mikono yake tu.

"Kwa hiyo nimekula shamba langu," akasema.

Hapo mke wa Mutiso, aliyekuwa karibu na jiko, akajifuta mikono kwa leso na kuniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Mumo, hayo ni mahindi ya kununua."

Akapanda kigodani, akashusha debe kutoka juu ya kabati na kulifungua. Ndani kulikuwa na majivu ya kuzuia wadudu. Alipoingiza mkono akatoa punje, nzima, kavu, bila tundu. Siku zote hizo alikuwa akinunua muthokoi kwa pesa zake za ushonaji na kutupikia uongo, Mutiso naye akila na kusifu mbegu ya ukoo.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Ningesema, nani angenisikia? Wewe ulikuwa umesoma." Kisha akatabasamu. "Ningekutii, leo Mama angepanda ugali."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliona haya.

Saa saba mchana nilimpandisha Mama basi la Kitui. Alikataa debe liwekwe kwenye buti, akalipakata. Kabla ya kuondoka aliniita dirishani. "Ukisikia tena habari ya mvua, nipigie. Lakini uniambie walivyosema wao, si unavyosema wewe."

Nilirudi Gatina nikiwa nimelowa. Mama alifukia mbegu keshoye, katika vumbi. Hadi ninapoandika haya mvua haijafika kwake. Kila alfajiri nampigia, naye hujibu kwamba mawingu yapo. Huenda ikanyesha. Nimejifunza kulitamka neno hilo bila kuligeuza kuwa "hakika", na kuyavumilia mahangaiko yanayokuja nalo.

Jambo moja jingine. Kwa miaka yote tangu aolewe kwetu, mwanamke aliyeiokoa mbegu yetu nimemwita mke wa Mutiso, kama kwamba hakupewa jina. Anaitwa Kanini.