Mvinyo Mweupe Usioonjwa

Habari za kifo chake zilinikuta Msambweni, nikiwa nimeketi kwenye banda la samaki la mama mmoja rafiki yangu, tewa wa kukaanga mbele yangu na chupa ya mvinyo mweupe ndani ya ndoo ya barafu. Wasomaji wangu mnaujua mvinyo huo, maana nimeshawachosha nao: ule wa bei nafuu utokao pwani ya Afrika Kusini, mkavu, mwepesi, wenye ukali wa ndimu na chumvi ya mbali, unaokata mafuta ya samaki na kukufanya utake tonge jingine. Aliyenipigia simu alijitia sauti ya msiba, akaniambia kuwa meneja wa vinywaji wa hoteli moja kubwa ya Diani, aliyekuwa amestaafu juzijuzi, amefariki. Nilitoa pole, nikakata simu, nikajimiminia glasi nyingine. Sitawadanganya, sikuhuzunika. Mama wa banda, ambaye zamani alifanya kazi chini ya bwana huyo, aliniuliza ni nani aliyekufa, nami nikamwambia. Akamgeuza samaki kwenye karai. "Wanazika lini?" akauliza. Nikamjibu Jumamosi, kwao marehemu, huko nyuma ya Kinango. "Basi utanichukua na gari lako," akasema. "Na uje na chupa kama hiyo, nina kazi nayo."

Nilimfahamu marehemu kwa miaka mingi, na haki yake nitampa kwanza ili nisije nikaambiwa nina kinyongo. Ni yeye aliyenifundisha kuupenda mvinyo huu. Mbele ya wageni wa hoteli aliuita maji ya kuoshea glasi, akawasukumia chupa za Ulaya zenye majina ya kuvunja taya. Lakini siku zake za mapumziko, jikoni kwake Ukunda, kwenye jokofu lake hamkuwa na mvinyo mwingine ila huo wa bei nafuu. Mchana mmoja alinikaribisha, akakaanga dagaa, akafungua chupa. Kabla ya kunipa glasi yangu alimimina kidogo ndani yake, akanywa yeye, akakung'uta tone la mwisho sakafuni, ndipo akanijazia. Nilielewa. Huko kwao, kama ilivyo kwa watu wengi wa Kwale, mnazi hautolewi kwa mgeni mpaka mwenyeji auonje mbele yake. Ndiyo kusema, sikukutilia kitu, sina ubaya nawe. Asiyeonja amekutangazia uadui. Nilimtania kwamba kumbe suti haikumtoa Kinango, akacheka kwa aibu, akaniomba nisilifikishe hilo hotelini.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mama huyu wa banda wakati huo alikuwa binti mwembamba aliyetoka nchi kavu ileile alikotoka bosi wake, ndiyo kwanza ameajiriwa kuhudumu mezani. Ulikuwa mwaka wa ukame, ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekufa, na nyumba nzima ililishwa na mshahara wake. Katika mafunzo walikuwa wameambiwa kwamba mvinyo huonjwa kwanza, kisha humiminwa. Bwana mkubwa aliyewafundisha, marehemu wetu, hakutaja nani anayeonja, kwa kuwa aliona hilo linajulikana na kila mtu: hotelini huonja mgeni. Kwa yule binti pia lilikuwa linajulikana na kila mtu. Mchana huo nilikuwa nimealikwa pamoja na wageni kutoka Nairobi. Binti akaja na chupa, akamimina kidogo kwenye glasi ya mgeni mkuu, akainywa mwenyewe, akatabasamu kwa heshima, akamjazia na kumkabidhi kwa mikono miwili. Mgeni yule, mzee mmoja mpole, alishangaa kidogo tu, akauliza kama mvinyo ni mzuri. "Ni mzuri, shikamoo," binti akamjibu, na meza nzima ikacheka bila ubaya. Mambo yangeishia hapo.

Hayakuishia hapo, kwa sababu bwana wetu alikuwa ameona. Alikuja na tabasamu lake la kazini, akamshika binti mkono, akampeleka meza ya pili. "Waonyeshe wageni kule kwenu porini mnakunywaje." Binti akadhani anasifiwa, akaonyesha. Akapelekwa meza ya tatu, na hapo akafahamu, maana watu walikuwa wanamcheka yeye sasa. Alizungushwa ukumbi mzima, kila meza akionja na kukabidhi, machozi yakimtoka, na kila mara yule bwana akisema "kwenu", "kwenu". Niliinuka nikamwambia inatosha. Hata sahani hazijaondolewa, binti alikuwa ameshavuliwa sare na kutolewa kwa mlango wa jikoni. Siku ya pili nilimwendea bwana huyo ofisini, nikamkumbusha dagaa wa Ukunda na tone la sakafuni. Hakupepesa jicho. "Bana, hii ni hoteli ya faivstaa. Nikimwachilia huyo, kesho wataleta mnazi na mirija mezani. Wewe andika magazeti yako." Urafiki wetu ulikufa siku hiyo, na kama ni kumlilia nililia wakati huo.

Nimewaona wengi wa aina yake katika hoteli hizi, kuanzia Ukunda hadi kisiwani Chale. Mtu anazaliwa na adabu ya kutosha kumpokea mfalme, anaajiriwa, anapewa tai, na kazi ya kwanza anayoifanya ni kuwawinda wenzake walio na adabu hiyohiyo. Mzungu hamwombi afanye hivyo. Mgeni wa Nairobi naye anataka samaki wake na glasi ya kitu baridi, basi. Anayeona haya ni huyo mwenye tai, na haya zake anazimwaga juu ya kichwa cha aliye chini yake, maana ndiye pekee asiyeweza kumrudishia. Kisha anastaafu kwa saa ya ukutani na keki, anarudi kwao kuzikwa na watu walewale aliokuwa akiwaita wa porini.

Jumamosi tulifika. Hoteli ilikuwa imeleta shada la maua na kijana wa kusoma risala, aliyetuambia kuwa marehemu aliwapenda wafanyakazi wake kama wanawe. Rafiki yangu alisikiliza mpaka mwisho, kanga yake imetulia kichwani. Kaburi lilipofukiwa, dada mkubwa wa marehemu alileta kibuyu cha mnazi, akanywa funda, akammiminia ndugu yake kidogo juu ya kaburi, akasema alale salama. Kisha akauliza kama yupo wa kazini kwake anayetaka kumuaga. Kijana wa hoteli akatazama viatu vyake. Rafiki yangu akapita mbele, akamwamkia dada shikamoo, akaifungua chupa yangu ya mvinyo mweupe. Akaiinamisha moja kwa moja juu ya udongo, mdomo wake haukuigusa, akamimina taratibu hadi ikafika nusu.

Watu wote wa mji ule walielewa walichokiona. Hata wanawake waliokuwa wakiosha sufuria waliacha. Dada mtu akamtazama kwa uso wa kuomba. "Mwanangu, hujaonja."

"Alinifukuza kwa kuonja, mama," akamjibu kwa upole. "Leo namhudumia alivyotaka."

Yule dada alikaa chini pale pale kwenye udongo akalia upya, na kilio hicho hakikuwa cha kifo tena. Nilimhurumia yeye. Marehemu sikumhurumia, nilifurahi, na ninaandika hivyo nikiwa nimekula na kulala. Tulipofika garini rafiki yangu aliichukua chupa, akapiga funda moja, akafuta mdomo wake kwa ncha ya kanga, akanipa. Mvinyo ulikuwa umeshapata moto wa njiani, na bado ulikuwa mzuri. Nanyi wenye tai na funguo za stoo, mnaowafundisha watu kuionea haya adabu yao, fundisheni tu. Watahitimu, na siku mtakayoihitaji adabu hiyo mtakuwa mmelala chali, hamwezi hata kuomba.