Jino la Watasema

Enzi zetu mpira haukununuliwa dukani. Sisi tuliokulia Kirumba, kando ya ziwa, kabla ya vita tuliuokota vipande vipande: tambara la mama lililochoka, majani makavu ya mgomba, kamba ya kufungia robota la pamba. Ukiviringishwa vizuri uliruka kidogo. Ukitumbukia ziwani ulikunywa maji, ukawa mzito, ukazama, na mchezo wa siku hiyo ukawa umekwisha. Wadogo zetu wa leo wana mpira wa duka, nao wananuna eti upepo umepungua.

Kirumba ya wakati ule ilikuwa mashamba ya muhogo na mawe. Mnayakumbuka yale mawe makubwa, moja juu ya jingine, yaliyokuwa na joto hadi jua linapozama. Tukitoka shule tuliweka vibao vyetu vya kuandikia kwenye ufa wa jiwe, tukalala kifudifudi ili tumbo lipate moto, huku tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Michembe ya mama ilikuwa migumu kama kigae. Ulianza kuitafuna ukiwa juu ya jiwe, ukaimeza ukiwa umeshafika nyumbani. Jioni kulikuwa na furu, visamaki vya ziwani, wa kuchemsha na ugali wa mtama, na harufu ya moshi wa samaki ilikaa kwenye nguo zetu hadi darasani.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa aliyeitwa Watasema. Msishangae. Watu wetu walitumia jina la mbwa kumfikishia jirani ujumbe bila kugombana naye. Jirani yetu alikuwa Mzee Magesa, mhunzi, mtu wa Ukerewe. Alimfulia baba jembe, jembe likapasuka. Baba akasema chuma kilikuwa kibovu. Magesa akasema chuma kilikuwa kizuri ila baba alikuwa akilima mawe. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mbwa wetu alipozaliwa, baba akamwita Watasema. Haukupita mwezi, Magesa naye akapata mbwa, akamwita Hawachoki.

Basi ilikuwa kila jioni, baba anasimama kwenye ua wa minyaa na kupaza sauti, "Watasema! Watasema, njoo ule!" Na ng'ambo ya ua sauti nzito inajibu, "Hawachoki! Hawachoki wee, njoo!" Mama alikuwa akifunika mdomo kwa khanga. "Wazee wazima," alisema, "wanatukanana kwa midomo ya mbwa."

Watasema mwenyewe hakujua kama ni tusi. Alikuwa mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililochanika, mlinzi wa mbuzi, na mdakaji hodari kuliko mtoto yeyote wa Kirumba. Tulimfundisha mimi na kaka yangu Masanja. Ukirusha mpira wa matambara aliruka akaudaka hewani, akakuletea.

Siku moja mpira ulizama. Masanja akasema twende nyumbani. Mimi sikutaka. Niliokota jiwe dogo jeupe, la mviringo kama yai la kanga, nikalirusha. Watasema akaruka, akalidaka. Nilisikia mlio mdogo, ko! Kisha akanirudishia lile jiwe, akaliweka miguuni pangu na kutikisa mkia, damu ikimtoka pembeni mwa mdomo.

"Kabula, umemvunja jino," Masanja alisema.

"Siyo mimi. Ni jiwe."

"Jiwe lilijirusha?"

Tulimwosha mdomo ziwani, lakini baba aliiona damu. Kabla sijafungua kinywa, Masanja akasema mbwa alikuwa akitafuna mfupa. Baba akaridhika. "Mbwa anayetafuna mfupa ni mzima," alisema. Nami nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote. Nilipoamkia wakubwa, waliinama ili waisikie shikamoo yangu.

Zikapita kama wiki mbili. Watasema akaanza kuacha chakula. Akavimba chini ya jicho, upande ule ule wa jiwe. Mate yakamtoka kama uzi. Baba alipotaka kumshika shavu alinguruma, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, kisha akaingia chini ya ghala la mtama akalala gizani.

Baba akachota maji ya mtungi kwenye bakuli, akamwekea. Watasema alitoka mbio, maana kiu ilikuwa imemshika. Ulimi ukagusa maji. Akalia kama aliyechomwa, akaruka nyuma, akarudi chini ya ghala. Baada ya kitambo akajaribu tena, akalia tena. Mara ya tatu hakukaribia, aliyatazama tu maji huku akitetemeka.

"Anaogopa maji," mama alisema polepole, akamwinua mtoto mchanga kutoka mkekani.

Ninyi wa rika langu mnajua maana ya maneno hayo. Jumbe alikuwa ametangaza kwamba mbwa anayetoa mate na kuogopa maji auawe siku hiyo hiyo, kabla hajauma mtu. Tulikuwa tumesikia habari za mtoto wa upande wa Magu aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo, na jinsi alivyokufa. Hakuna aliyecheza na kichaa cha mbwa.

Baba alimtupia Watasema kitanzi cha kamba ya ng'ombe, akamfunga kwenye nguzo ya ghala. Akachukua mkuki wake. Akaurudisha. Kisha nikamwona anapita penye uwazi wa ua wa minyaa, mahali ambapo mguu wake haukuwa umepita miaka miwili.

"Magesa," alisema, "njoo na mkuki wako. Mbwa wangu ana kichaa, na mkono wangu hautaki."

Alikuja na mkuki, akasimama mbele ya ghala, akamtazama mbwa kwa muda mrefu. "Masikini," alisema. "Na mimi nilishazoea kumjibu kila jioni."

Nilikuwa mlangoni mwa jiko. Kabla ya mwaka ule niliwahi kuumwa jino. Nilikuwa nimenunua sukari guru kwenye duka la Mhindi, nikaila siku tatu mfululizo, na jino likatoboka. Maji ya mtungi yalipoligusa, maumivu yalipanda hadi sikioni, nami niliruka na kulia. Ndipo mama akawa ananipashia maji moto. Mwishowe alinipitisha kwa siri nyuma ya ua hadi kwa Mzee Magesa, ambaye aling'oa meno ya watu kwa koleo dogo, naye akaling'oa bila kumwambia baba. Kwa hiyo nilipomwona Watasema akiruka nyuma, niliufahamu mruko ule. Ulikuwa wangu.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini watu wazima watatu walikuwa wamesimama pale, mkuki umeinuliwa.

Nikageuka jikoni. Maji ya ugali yalikuwa yameanza kupata moto chungani. Nikachota kwa kibuyu, nikamimina kwenye bakuli la mbao, nikaongeza maji baridi kidogo, nikachovya kidole. Yalikuwa vuguvugu. Nikabeba bakuli kwa mikono miwili, nikampita Magesa chini ya mkuki wake.

"Kabula!" baba akapiga kelele. "Kabula, rudi! Atakuuma!"

Mama naye alilia jina langu. Niliweka bakuli chini, nikalisukuma mbele kwa mwiko hadi kamba ilipofika. Watasema alinusa. Akarudi nyuma hatua moja. Akanusa tena. Kisha akaingiza ulimi, akakaa kidogo kama anayesubiri kupigwa, akaanza kunywa. Uani kote hapakusikika kitu kingine, ulimi wake tu, lap, lap, lap, hadi bakuli likawa kavu.

"Anayeogopa maji hanywi hivyo," Magesa alisema.

"Mbona aliyakimbia?" baba aliuliza. "Nimeona kwa macho yangu, mara mbili!"

Wote wakanigeukia. Hapakuwa na bakuli la kujificha nyuma yake tena.

"Ni jino," nilisema. "Ya baridi yanauma."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Jino gani?"

"Nililolivunja mimi. Kwa jiwe. Hakuwa anatafuna mfupa."

Masanja alianza kulia kabla hajapigwa. Magesa aliusimamisha mkuki kwenye ukuta wa ghala, akakuna kidevu, akasema, "Nileteeni koleo dogo."

Sitasahau kazi ile. Magesa alipitisha koleo motoni, akaliacha lipoe. Akakizungushia kijiti tambara, akakibana upande wa meno mazima ili mdomo usijifunge. Mama akaizungusha khanga yake kuukuu mdomoni, juu ya kijiti, akaifunga. Baba alimpanda Watasema kama mtoto anayepanda ndama.

"Shika kichwa."

"Nimeshika."

"Umeshika masikio. Nimesema kichwa."

"Magesa, usinifundishe mbwa wangu."

"Basi ng'oa wewe, nishike mimi."

Baba akashika kichwa. Magesa alichungulia, akakunja pua. "Linanuka kama jino la mtu." Gego la juu lilikuwa limepasuka katikati, kipande kimoja kinacheza. Hicho alikitoa kwa mvuto mmoja, na usaha ukafuata. Kilichobaki alikitikisa huku na huku, taratibu, kama anayeng'oa kigingi cha hema asitake kuipasua ardhi. Watasema alilia mara moja, kilio kirefu, kisha jino likawa mkononi mwa Magesa, mizizi yake na damu yake. Mama akammiminia maji ya chumvi, vuguvugu, bakuli baada ya bakuli.

Baba alikaa chini palepale, miguu ameinyoosha mavumbini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona baba akicheka vile. Nami nilijikuta nimekaa kando yake, na Watasema akaja akaweka shavu lake bovu juu ya mguu wangu, wa mimi niliyemvunja jino.

Kwa kuhofia wakamwacha kambani siku kadhaa, lakini uvimbe ulishuka na hamu ya kula ikarudi. Adhabu yetu, mimi na Masanja, ilikuwa kuloweka ugali katika fungu letu la maziwa na kumlisha kwa mkono mpaka kidonda kipone. Baba alisema viboko atatupa kesho. Kesho hiyo aliisahau, nasi hatukumkumbusha.

Jioni ya siku ile ya jino, baba alisimama kwenye ua wa minyaa kama kawaida. "Watasema," aliita, lakini kwa sauti ya chini. Tukatega masikio tusikie Hawachoki akiitwa.

"Amekula?" sauti nzito iliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Amekula kidogo."

Baada ya siku chache lile jembe lilivuka ua, likarudi limeungwa. Hakuna aliyekubali kosa. Hadi Mzee Magesa anakufa, chuma kilikuwa kizuri na baba alikuwa akilima mawe.

Watasema aliishi miaka mingi baada ya hapo, akitafuna upande mmoja, kichwa ameinamisha kama mzee anayesikiliza kesi. Siku hizi mbwa wa Kirumba wanaitwa Tomi na Polisi, majina yasiyomgusa mtu. Majirani wakikosana wanakwenda barazani, wanarudi kila mtu na njia yake, na ua wa minyaa hauna tena uwazi. Watoto wanasema kwa sauti kubwa mambo ambayo sisi tusingethubutu kuyanong'ona, nami wakati mwingine nawaonea wivu. Mpira wao unaruka vizuri, sikatai. Ila sijaona mmoja wao anayejua mbwa wake anatafunia upande gani.

Mimi bado ni mtu wa maneno machache. Lakini kila asubuhi ninapomwekea mbwa wetu maji ya mtungi, nachovya kidole kwanza.